Hei kando ya birika: ulishaji wa kiangazi na mlipuko wa minyoo kwa swala wa shamba moja mkoani Iringa

Mazingira ya kisa

Shamba hili la wanyamapori liko mkoani Iringa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600. Jina lake, kijiji na wahusika wote vimeondolewa, na alama chache za mahali zimebadilishwa. Ndani ya uzio kuna hekta 240. Kisa kinapoanza palikuwa na swala pala 140, pofu 22 na pundamilia 9. Shamba lina leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na wanyama wake hawachinjwi; ni wa utalii wa picha na wa kuuzwa wakiwa hai.

Mvua za huku ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo huja kipupwe cha Juni hadi Agosti, kisha kiangazi kikali mpaka mvua zirudi. Nyasi za miinuko hukauka mapema na kubaki mabua yenye protini kidogo sana.

Swala pala hukabiliana na hali hiyo kwa namna yake. Nyasi zikiwa changa hula nyasi. Zikikauka huhamia kwenye majani ya vichaka, maua na maganda ya migunga. Kuhama huko humpa chakula chenye protini na papo hapo huinua mdomo wake kutoka ardhini, kwenye sentimita chache za chini za majani ambako lava wengi wa minyoo, yaani minyoo wachanga waliotoka kwenye mayai, hukaa. Majani mengi ya vichaka yana pia tanini, kemikali za mimea zenye ukakasi, ambazo huwasumbua minyoo wa tumboni. Kwa hiyo kiangazi, pamoja na njaa yake, ndicho kipindi ambacho mzunguko wa minyoo hukatika wenyewe. Mpango wa kulisha haukuligusa jambo hili hata kidogo, na humo ndimo kisa chote kilimo.

Moto, kisha hei

Katikati ya Agosti moto kichaa kutoka mashamba jirani uliruka kizuia moto na kuteketeza karibu hekta 100 za upande wa mashariki. Hakuna mnyama aliyekufa, ila wote walisongamana magharibi, penye birika la maji.

Mwenye shamba alipiga hesabu akaona malisho yaliyobaki hayafiki Novemba. Hesabu ilikuwa sahihi. Swala pala wa kilo 45 anahitaji kama kilo 1.1 za chakula kikavu kwa siku. Pofu wa kilo 350 hadi 400 anahitaji kilo 7 hadi 8. Kwa makundi hayo mawili peke yake, ni zaidi ya kilo 300 kila siku.

Kulisha kulianza wiki ya mwisho ya Agosti. Kila asubuhi yalitolewa marobota 10 ya hei, yaani nyasi za Rhodes zilizokatwa na kukaushwa, kila moja la kilo 15 hivi, pamoja na kilo 60 za pumba za mahindi na kilo 15 za mashudu ya alizeti. Hei ilitandazwa chini. Pumba na mashudu viliwekwa kwenye mapipa sita yaliyopasuliwa katikati. Vyote vilikaa mahali pamoja, mita 30 kutoka kwenye birika, kwa sababu gari lilifika hapo bila taabu na wanyama walikuwa wamezoea kuja kunywa.

Koki ya boya ya birika hilo ilikuwa haifungi sawasawa. Maji yalifurika kidogo kidogo usiku na mchana, na eneo la kama nusu ekari lilibaki bichi kiangazi kizima. Ukoka ukaota. Wanyama walipomaliza hei waligeukia ukoka huo na kuukwangua mpaka chini, juu ya kinyesi chao wenyewe. Kwa macho, palikuwa pahali pazuri kuliko pengine pote shambani.

Pofu walikula kwanza. Madume ya swala yakafuata. Majike, na hasa watoto wa mwaka uliotangulia, walipata masalia, nayo waliyaokota chini penye kinyesi kingi zaidi.

Septemba zilichukuliwa sampuli kumi za kinyesi, zikachanganywa pamoja na kupimwa. Jibu lilikuwa mayai ya minyoo 150 kwa gramu. Meneja alilichukua kuwa ushahidi kwamba minyoo si tatizo. Oktoba, wafanyakazi wanaoishi shambani walianza kuleta mbuzi wao kama 30 mahali hapo mchana ili wale masalia. Mbuzi hao walikuwa wakinyweshwa albendazole, dawa ya minyoo, kila baada ya miezi miwili, kipimo kikikadiriwa kwa kutazama umbo.

Mvua zilishuka wiki ya pili ya Novemba. Kulisha hakukukoma, hoja iliyotolewa ni kwamba wanyama wameshazoea na majani bado ni machanga. Kuliendelea mpaka wiki ya kwanza ya Januari.

Vifo na uchunguzi

Kifo cha kwanza kilionekana mwanzoni mwa Desemba: mtoto wa swala wa mwaka mmoja, amelala karibu na birika. Ndani ya siku kumi walifika saba. Walio hai walibaki nyuma ya kundi, manyoya yamesimama, na baadhi walikuwa na uvimbe laini chini ya taya uliokuwa mkubwa zaidi jioni, baada ya kutwa nzima kichwa kikiwa chini. Kuhara hakukuwepo, na hilo liliwachanganya watu waliozoea kudhani kwamba mnyama mwenye minyoo lazima aharishe.

Meneja aliwaarifu Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) na daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kugusa mzoga wowote. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa. Mnyama akifa ghafla, hasa akitokwa damu nyeusi isiyoganda puani au njia ya haja, mzoga haupasuliwi mpaka tone la damu la sikioni lipimwe kimeta, maana kuufungua ni kusambaza vijidudu ambavyo hudumu udongoni miaka mingi. Kipimo hakikuonyesha kimeta. Mizoga miwili mibichi ikapasuliwa.

Ndani, nyama ilikuwa nyeupe mno na damu nyepesi kama maji ya rangi. Mafuta ya kuzunguka moyo yalikuwa yamegeuka utelezi. Tumbo la nne lilikuwa na majimaji ya kahawia na maelfu ya minyoo wembamba wa sentimita moja hadi tatu. Majike wao yalionekana kwa mistari myekundu na myeupe iliyosokotana, damu iliyojaa utumbo ikizungukwa na mirija ya mayai. Huyo ni Haemonchus contortus, mnyonya damu. Sehemu moja ya kumi ya yaliyomo tumboni ilihesabiwa, na makadirio ya mnyama mmoja yakawa minyoo 3,400.

Kila mnyoo huyo humpotezea mnyama kama mililita 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 3,400 ni mililita 170. Mtoto wa swala wa kilo 25 ana damu isiyozidi lita mbili. Kila siku alikuwa akipoteza karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya damu yake yote, na mwili ulioshiba pumba hauwezi kuifidia kwa kasi hiyo.

Dawa ndani ya pumba

Kabla majibu hayajatoka, msimamizi wa zamu alichanganya albendazole kwenye pumba kwa siku tatu. Nia yake ilikuwa njema. Lakini dawa iliyotiwa kwenye chakula cha pamoja hugawanyika kwa nguvu za mnyama, na mgonjwa hapati haki yake. Pofu na madume walikula kupita kipimo. Watoto dhaifu, ambao ndio waliokuwa wakifa, walipata kidogo au hawakupata. Kipimo pungufu huua minyoo wanyonge na kuwaacha wale wanaoihimili dawa waendelee kuzaa.

Kinyesi cha swala kilipimwa kabla ya dawa na siku 14 baadaye. Wastani ulishuka kutoka mayai 2,800 kwa gramu hadi 1,900, yaani asilimia 32. Dawa inayofanya kazi hutakiwa kupunguza kwa asilimia 95 au zaidi. Kwa swala haikuwezekana kujua kama kasoro ilikuwa kipimo pungufu cha dawa au usugu wa minyoo, kwa hiyo daktari aliwageukia mbuzi. Walipimwa uzito kwa mizani, wakanyweshwa kipimo kamili mmoja mmoja, na kinyesi chao kikapimwa tena baada ya wiki mbili. Mayai yalitoka 1,600 hadi 900. Hapo palionekana wazi kwamba minyoo wa mbuzi walikuwa sugu, na kwa kuwa mnyoo huyu huishi kwa mbuzi, kondoo na swala bila kubagua, minyoo wale wale sugu walikuwa wameachwa kwenye ukoka wa birika tangu Oktoba.

Uamuzi wa Januari

Hoja tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kuwanasa swala wote na kuwapa dawa ya kundi jingine kwa kipimo cha kila mnyama. Ilikataliwa haraka. Swala pala aliyekimbizwa na kushikwa huweza kufa kwa kuharibika misuli saa au siku kadhaa baadaye, na hawa walikuwa hawana damu ya kutosha hata kukimbia.

Ya pili ilikuwa kuweka ivermectin, dawa ya minyoo ya kundi jingine, kwenye chakula, safari hii kwa mabakuli mengi na kizuizi cha kuwazuia pofu. Hii ilijadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Ingepunguza vifo kwa haraka, lakini kasoro ya mgawanyo ingebaki ile ile, na shamba lingehatarisha kundi la pili la dawa ambalo huenda lingehitajika siku mbaya zaidi. Ivermectin hutoka pia na kinyesi na kuwadhuru mende wa mavi, ambao kazi yao ya kuvunja na kufukia kinyesi huwapunguza lava.

Ya tatu ndiyo iliyopita: wanyama wahame, bila dawa. Zile hekta 100 zilizoungua zilikuwa zimeota upya kwa mvua za Novemba. Hakuna mnyama aliyekaa huko kwa miezi minne na nusu, na moto wenyewe ulikuwa umeteketeza nyasi, kinyesi na lava waliokuwamo. Malisho yaliyohesabiwa kuwa hasara mwezi Agosti ndiyo yaliyokuwa safi kuliko yote shambani.

Kwa nini bila dawa? Kumpa mnyama dawa kisha kumpeleka papo hapo kwenye malisho safi kuna mtego wake. Minyoo pekee wanaobaki tumboni ni wale walioihimili dawa, na mayai yao ndiyo yanayoanzisha kizazi kipya pale pasipo na wengine wa kuchanganyika nao. Mahali ambapo usugu umeshathibitishwa, kufanya hivyo ni kuupandikiza kwa mkono. Daktari alieleza waziwazi kwamba kwa kuchagua njia hii watakufa wanyama wengine kadhaa, na mwenye shamba alikubali akilijua hilo.

Hei ilisogezwa mashariki kwa hatua za mita 100 hadi 150 kwa siku huku ikipunguzwa, na siku ya kumi ikasitishwa. Koki ilibadilishwa, eneo la birika likazungushiwa uzio wa muda wa hekta 4, na maji yakawekwa mashariki kwa tenki. Pundamilia waliachwa ndani ya hekta zile nne kwa makusudi: mnyoo huyu hastawi katika tumbo la mnyama wa jamii ya farasi, hivyo kila lava anayemezwa na pundamilia amepotea. Mbuzi walitibiwa kwa levamisole, dawa nyingine ya minyoo, mmoja mmoja kwa mizani, na hawakuruhusiwa tena ndani ya uzio.

Matokeo

Mpaka siku hei inaanza kusogezwa walikuwa wamekufa swala 17, 13 kati yao wakiwa watoto wa mwaka mmoja. Katika wiki tatu zilizofuata walikufa 4, kisha vifo vikakoma. Hakuna pofu aliyekufa. Mwishoni mwa Machi wastani wa mayai kwa swala ulikuwa 700 kwa gramu, na uvimbe wa taya haukuonekana tena.

Sifa zote haziwezi kuendea uhamisho. Wanyama dhaifu kuliko wote walikuwa wameshakufa, majani yalikuwa mengi na yenye protini, na swala waliobaki walikuwa na muda wa kujenga kinga. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mzigo wa minyoo ulishuka bila dawa nyingine kwa swala hata mmoja, katikati ya mvua, wakati ambao kwa kawaida hupanda.

Uchambuzi

Kipimo cha Septemba kilidanganya kwa njia mbili. Katika kiangazi, lava wengi wa Haemonchus waliomezwa husimamisha ukuaji wao ndani ya ukuta wa tumbo la nne na kusubiri mvua. Lava aliyelala hatagi, kwa hiyo mayai hupungua kinyesini huku mzigo ukiwa palepale. Pili, kuchanganya sampuli kumi kuwa moja kulificha tofauti kati ya wanyama. Minyoo hujikusanya kwa wachache, na wachache hao ndio wanaokufa na ndio wanaochafua malisho. Sampuli zinatakiwa zichukuliwe kila mnyama peke yake, kinyesi kikiwa bado cha moto, gramu 5 kwenye mfuko uliominywa hewa, ndani ya boksi la barafu bila kugandishwa, na zifike maabara siku hiyo hiyo au kesho yake. Zikikaa juani mayai huanguliwa na hesabu hushuka kwa uongo. Maabara hupima gramu 4 ndani ya mililita 56 za maji ya chumvi iliyokolea. Yai moja linaloonekana kwenye vyumba viwili vya kioo cha kuhesabia ni mayai 50 kwa gramu. Mayai ya aina nyingi za minyoo hufanana, hivyo anayetaka kujua kama ni Haemonchus huomba lava waoteshwe kwa siku 7 hadi 10.

Birika lililovuja lina lawama kubwa kuliko hei. Jike moja la mnyoo huyu hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, na karibu yote hufa kiangazi kwa kukosa unyevu. Penye joto na unyevu, yai huwa lava wa kuambukiza kwa siku 4 hadi 7. Lava huyo hali chochote; huishi kwa akiba yake, na ubaridi wa miinuko humfanya aitumie polepole na kudumu muda mrefu. Nusu ekari ile ya ukoka iliwapa mayai unyevu wa masika mwezi Oktoba, kisha hei ikawaleta midomoni mwa wanyama 160 kila siku.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaujua mkusanyiko huu kwa upande wao. Katika Msitu wa Białowieża, Poland, nyati wa Ulaya hulishwa hei wakati wa theluji, na mikusanyiko hiyo imehusishwa na wingi wa minyoo, akiwemo Ashworthius sidemi, mnyonya damu wa ukoo wa Haemonchus aliyeingia Ulaya na kulungu wa Asia. Marekani, kulungu wakubwa wanaolishwa majira ya baridi huko Wyoming huambukizana ugonjwa wa kutupa mimba, na huko Michigan chakula kinachomwagiwa kulungu kimesaidia kueneza kifua kikuu cha ng'ombe. Tofauti na Iringa ni kwamba huko baridi husimamisha mayai. Ya Haemonchus hayakui vizuri chini ya nyuzi 10 hivi. Kwetu kinachoyasimamisha ni ukavu, nao tuliuondoa kwa koki mbovu.

Hakuna lililosemwa hapa linalofanya chakula kuwa adui. Mnyama mwenye protini ya kutosha huhimili minyoo vizuri zaidi na hujenga kinga mapema. Kosa la mgao wenyewe lilikuwa kwamba ulikuwa na wanga mwingi wa pumba na protini kidogo, tena protini hiyo ikaliwa na pofu. Pumba zenyewe zilitolewa kilo 60 tangu siku ya kwanza. Matumbo hayajazoea wanga wa ghafla, na ni bahati tu kwamba hakuna aliyekufa kwa asidi ya tumbo.

Kiangazi kilichofuata

Kulisha kulirudi, kwa utaratibu mwingine. Hakukuanza kwa kalenda. Kulianza pale mifupa ya nyonga na mbavu za majike ilipoanza kuonekana kwa darubini, mwishoni mwa Septemba. Hei iliwekwa kwenye vichanja vya nguzo, sakafu yake ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, kumi na viwili kwa wakati mmoja na vikiwa vimetengana mita 20 hadi 30 ili mnyonge apate pa kukimbilia. Matawi ya migunga yalitundikwa kichwani pa vichanja, pamoja na lukina, mti wa malisho wa jamii ya kunde, isiyozidi sehemu moja ya tatu ya chakula, kwa kuwa ina sumu ya kunyonyoa manyoya ikizidi. Mashudu ya alizeti yalipandishwa na pumba zikapunguzwa, zikianza gramu 50 kwa swala na kufika 200 baada ya siku 12. Pumba zenye harufu ya ukungu zilirudishwa kwa muuzaji.

Vichanja vilihamishwa kila siku ya nne, kabla mayai ya siku ya kwanza hayajawa lava wa kuambukiza, na havikurudi mahali pale pale msimu huo. Hakuna kilichowekwa chini ya mita 200 kutoka penye maji. Mvua ya kwanza ya kunyesha siku mbili mfululizo ndiyo iliyokuwa ishara ya kuanza kupunguza, na ndani ya siku kumi kulisha kukawa kumekwisha hata kwa wanyama waliokuwa bado wanakuja kungoja gari.

Sampuli 15 za mnyama mmoja mmoja zilichukuliwa Oktoba, kisha tena wiki tatu baada ya mvua kuanza, muda ambao lava waliolala huwa wameamka na kuanza kutaga. Za pili zilisoma kati ya 100 na 1,150 kwa gramu. Wanyama wawili waliokuwa juu ya 1,000 walitambuliwa kwa alama za masikio na kufuatiliwa bila dawa. Mmoja alipona, mwingine alikufa Januari. Kazi ambayo haijakamilika ni ya pofu: kila kizuizi kilichojengwa kuwatenga na mashudu ya swala wamekiruka, na kwa sasa wanapewa hei yao saa moja kabla, upande wa pili wa shamba.